Kinoo cha Mzee Venance

Chanika,
3 Juni 2024

Shemeji Albano,

Nakuandikia kwa sababu mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mashaka, amechoka na sisi. Anasema kwenye simu tunatukanana, halafu kila mmoja akifika mbele yake anakana. Kwa hiyo kuanzia sasa kila neno liandikwe, na yeye asome kwanza. Hamida wa mihogo amekubali kubeba barua zetu kwa kuwa kila siku anashusha mzigo wake huko kwenu Mbagala. Usimcheleweshe, wala usimpeleleze habari zangu.

Wiki iliyopita, siku ya misa ya mwaka mmoja wa marehemu mume wangu Valerian, kaka yako wa tumbo moja, ulikula pilau langu, ukanawa mikono, ukainama pale mlangoni, ukaokota jiwe ninalozuilia mlango usijibamize na upepo, ukalitia kwenye begi lako. Nilikuona. Nilinyamaza kwa ajili ya padri tu.

Jiwe lile lilitoka kwenye shimo la choo tulilochimbisha kabla Valerian hajaugua. Mchimbaji alilikuta chini kabisa, wakati huo hata kichwa chake hakionekani kutoka juu. Ni jiwe la kujaa kiganja, jekundu-jekundu, na juu yake lina mifereji mitatu myembamba iliyonyooka. Valerian aliligeuza-geuza, akasema hajui ni la nini, labda watu wa zamani walikuwa na kazi nalo. Naye alizaliwa kwenye vumbi la mpingo, mtoto wa mchonga vinyago kama wewe.

Nirudishie. Mlango naweza kuuzuia hata kwa tofali. Lakini huna ruhusa ya kuondoka hapa kwangu na hata punje ya mchanga.

Demetria,
mke wa marehemu Valerian


Mbagala,
7 Juni 2024

Shemeji mwalimu,

Barua nimeipata, mwandiko mzuri kama kawaida yako. Wangu ni wa mtu wa patasi, utavumilia. Mwenyekiti, na wewe shikamoo, najua unasoma.

Shemeji, umeandika "hapa kwangu". Ishu yote ipo hapo. Mie nimekaa kimya mwaka mzima kwa heshima ya msiba, sasa nasema. Kile kiwanja si chako na wala hakikuwa cha Valerian. Ni cha baba yetu, Mzee Venance. Alikinunua kwa jasho la vinyago vyake, akamwambia Valerian aandike jina lake yeye kwa sababu baba hakujua kusoma, na aliona haya kuchovya dole gumba kwenye wino mbele ya watu. Sie watoto tulikuwa tunajuaga hivyo siku zote. Aliyeuza amekufa, mashahidi wamekufa, baba amekufa, na kaka yangu mmemzika. Shahidi aliyebaki ni hilo jiwe.

Maana hilo jiwe ni kinoo cha baba. Hiyo mifereji unayoishangaa ni njia ya patasi. Mchongaji akinoa patasi yenye mdomo wa mviringo miaka nenda rudi, jiwe linaliwa mahali pamoja, linabaki na mfereji. Hayo huwezi kuyajua, kwenu Bukoba mnanoa visu vya kumenyea ndizi. Nilivyoliona pale mlangoni moyo ulishtuka. Kinoo cha marehemu mzee wangu, mtu mzima unakipiga teke ili mlango usifunge!

Sasa fikiria. Kinoo cha baba kimefikaje kwenye ardhi ya Chanika kama baba hakuwa na ardhi Chanika? Wazee wa mtaa wakae, waamue. Wakisema ni cha baba, basi kiwanja kinarudi kwenye ukoo, na wewe utafute pa kwenda na huyo mtoto wako Blessing. Kaka zako wapo.

Albano Venance


Chanika,
12 Juni 2024

Albano,

Kila siku nasahihisha madaftari ya watoto wa darasa la tatu, na humo nakuta uongo uliopangwa vizuri kuliko wako.

Kiwanja hiki tulikinunua mimi na Valerian. Jina langu halikuandikwa kwa sababu siku ile nilikuwa wodini namzaa huyo Blessing unayemwita wangu, kana kwamba si damu yenu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja Chanika mara moja maishani mwake, akalalamika kwamba ni porini, akaomba arudishwe Mbagala kabla chai haijapoa.

Sasa unieleze, baba yako alikizikaje kinoo chake chini kuliko urefu wa mtu, kwenye udongo ambao mchimbaji alisema haujawahi kuguswa na jembe? Alikuwa mchongaji au fuko?

Picha za jiwe ninazo kwenye simu. Nimemtumia Yustina, niliyemfundisha kusoma na sasa yuko chuo kikuu anasomea mambo ya kale. Amesema jiwe la namna hiyo huenda ni la watu walioishi kabla ya chuma kufika pande hizi. Mifereji ilikuwa ya kulainishia kitu chembamba, labda mshale, labda shanga. Hawezi kusema kwa uhakika bila kulishika. Ameniuliza kama kuna kitu kingine kilichotoka kwenye udongo uleule. Jana nimekaa na chekecheke kwenye lile tuta la udongo wa shimo, mgongo bado unaniuma, na nimepata vipande vidogo vya makombe ya baharini, kila kimoja na tundu katikati.

Lete jiwe alishike. Kama una uhakika ni la baba yako, unaogopa nini?

Na tuelewane. Nikitolewa hapa sina pengine. Kaka zangu walishagawana shamba la ndizi nikiwa huku nimeolewa, na hakuna aliyekumbuka kunitengea hata mgomba. Nyumba hii ndiyo Blessing anaijua. Nitapigana na wewe mpaka mmoja wetu aombe maji.

Demetria


Mbagala,
18 Juni 2024

Mwalimu,

Eti shanga! Watu wazima wakae porini Chanika wasugue shanga kwenye jiwe! Huyo binti wa chuo mwambie aje Mbagala nimfundishe kazi. Amesoma vitabu, mie nimeshika jiwe.

Kuhusu kuzikwa, hujui mila zetu. Mchongaji mkubwa akichoka kazi anakizika kinoo chake chini sana, kwenye ardhi yake mwenyewe, ili kisitumiwe na mtu baki. Baba alifanya hivyo. Na udongo haujaguswa kwa sababu ulifukiwa vizuri, sie si wavivu wa kuchimba kama mafundi wako. Muulize dada Sesilia kama nadanganya. Nimeshamwandikia aje kusema mbele ya wazee.

Na nitakumaliza kabisa. Patasi ya baba ninayo. Ile ndogo yenye mdomo wa mviringo, ya kuchongea macho na masikio. Naifanyia kazi mpaka leo, na hakuna mchongaji hapa Mbagala asiyeijua. Mwenyekiti, nakuomba ulisikie hili: patasi ya baba na jiwe la baba vikutane mbele ya wazee. Nitainoa hapohapo kwenye mfereji wake, mtaona inavyokaa.

Halafu mwalimu aanze kufunga sufuria zake.

Albano


Mbezi Beach,
24 Juni 2024

Mdogo wangu Albano,

Barua hii haipiti kwa mwenyekiti wala kwa Demetria. Nimempa Hamida mkononi alipoleta mihogo hapa hotelini ninakopika, nimemwapisha.

Unataka nije Chanika niseme kwamba wachongaji wa kwetu wanazika vinoo. Albano! Mimi ndiye mkubwa wenu wote. Nimepika uji wa wachongaji tangu sijavunja ungo. Baba, baba mkubwa, babu, sijaona hata mmoja aliyezika kinoo. Kinoo cha baba kilivunjika vipande viwili, na kimoja mama alikanyagia kuogea mpaka anakufa. Hiyo mila imezaliwa kwako mwezi huu. Siji, na ukitaja jina langu mbele ya wazee, nitakuja kukuumbua.

Halafu kuna hili. Leonardi mnayekaa naye kwenye kibanda cha kuchongea alipita hapa hotelini kuleta vinyago, nikatoka jikoni tukazungumza. Ameniambia ulishalijaribu lile jiwe. Ulichukua patasi mbovu, ukaivuta kwenye mfereji, ikatoka na mdomo kama meno ya msumeno. Ukaitupa. Kwa hiyo unajua. Unajua vizuri kabisa kwamba kile si kinoo, na bado umeandika zile barua.

Najua na kinachokusukuma. Kibanda chenu kimepigwa alama ya X, barabara inapanuliwa, mnatakiwa kuondoka. Huna pa kuchongea. Lakini ungeweza kumwambia Demetria, "Shemeji, nipe kona ya uwanja niweke gogo langu." Najua angekusumbua, kwa ulimi ule, lakini angekupa. Wewe unaona afadhali umtupe nje mjane wa kaka yako na mtoto kuliko kumwomba.

Nimekuonea aibu. Sijawahi kukuandikia maneno haya na yananiuma.

Dada yako,
Sesilia


Chanika,
2 Julai 2024

Albano,

Wazee wanakaa Jumamosi hii, tarehe sita, uwanjani kwangu. Mzee Mashaka amependezwa mno na wazo lako. Amesema uje na jiwe, uje na patasi ya baba yako ileile uliyojisifia, siyo nyingine, unoe mbele ya watu. Patasi ikikaa kwenye mfereji na ikanolewa, jiwe ni kinoo, na kiwanja kitahesabiwa ni cha Mzee Venance. Kama sivyo, basi. Mimi na wewe tulishakubali mbele yake kwamba wazee wakiamua hakuna atakayekwenda mbele zaidi.

Hongera. Nimejaribu kuwaeleza wazee kwamba hicho si kipimo. Chuma chochote ukikisugua kwenye jiwe lolote kitang'aa, nao hakuna hata mmoja aliyewahi kushika patasi. Nimewaonyesha vile vipande vya makombe vyenye matundu, wakacheka, wakasema hata jalalani vimejaa. Yustina ana mtihani, hatafika. Utavuta patasi yako mara mbili tatu, itawaka juani, watu watapiga makofi, na mimi nitakuwa sina nyumba.

Ulilipanga vizuri, nakupa haki yako. Nilikuona mtu wa maneno tu, kumbe una akili ya fisi.

Nimeanza kufunga vyombo. Blessing ameniuliza tunakwenda wapi nikamwambia nasafisha kabati. Nakuchukia, Albano. Naandika hivi nikijua mwenyekiti anasoma, na asome.

Demetria


Chanika,
8 Julai 2024

Albano,

Umepanga nini?

Siku mbili sijalala vizuri, nageuza-geuza yaliyotokea Jumamosi. Wazee wote wamekaa, majirani wamejaa mpaka kwenye uzio. Ukatoa jiwe, ukaliweka juu ya kigoda changu. Ukafungua kile kitambaa, ukatoa patasi ya mzee. Ukachuchumaa. Ukauweka ule mdomo wake juu ya mfereji bila kuugusa, mkono ukakaa pale hewani. Mzee Mashaka akasema, "Noa, baba, tuone." Ukaitazama patasi. Halafu ukaifunga kwenye kitambaa chake, ukasimama, ukasema, "Siinoi."

Neno moja! Mzee Mashaka akakuuliza mara ya pili, akakukumbusha kwamba usiponoa kiwanja ni changu. Ukasema, "Basi kiwe chake." Ukapita katikati ya watu bila kuaga, na jiwe ukaliacha kwenye kigoda.

Watu wanasema umeingiwa na kichaa. Mama mmoja anasema marehemu Valerian alikushika mkono. Mimi siamini hayo. Nakujua, huwezi kuacha kitu bure. Kama unajiandaa kwenda mahakamani ukadai hukupewa nafasi, wazee wameandika walichokiona na wote wametia sahihi.

Jiwe nalo limeshajulikana. Yustina alikuja jana baada ya mtihani wake. Tulivitunga vile vipande vya makombe kwenye uzi mgumu, tukavilaza kwenye mfereji. Vilikaa, Albano, kana kwamba jiwe lilikuwa linavisubiri. Tukazungusha uzi huku tukivuta, na kingo zake zilizokuwa na pembe-pembe zikaanza kulainika mbele ya macho yetu. Walikuwa wanatoboa makombe kwanza, wanayatunga, halafu wanayasugua yote kwa pamoja mpaka yanakuwa duara. Shanga, kama nilivyokwambia nawe ukacheka. Yustina atasimamia lipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale.

Kwa hiyo nimeshinda, na sielewi kwa nini. Nijibu. Mzee Mashaka amesema kwake kesi imekwisha na hataki tena kusoma barua zetu. Hakuna atakayeona jibu lako isipokuwa mimi.

Demetria


Mbagala,
12 Julai 2024

Shemeji,

Sijapanga kitu. Lala.

Unataka kujua, basi nakwambia, na ukishajua usinitafute tena. Lile jiwe nililijua siku nyingi kwamba si kinoo. Ni kavu, lina mchanga mkubwa, linakula chuma. Nililijaribu kwa patasi mbovu likaitia meno. Na ile mifereji ni myembamba mno, patasi ya mviringo hailali mle hata ufanyeje. Mwanzoni, pale mlangoni, niliamini kweli ni la baba, hilo uniamini au usiniamini. Baadaye niliandika tu.

Jumamosi nilikuja nikiwa nimeshaamua. Nilijua nikiivuta mara mbili kwa nguvu ukingoni itawaka na wazee wataridhika, kama ulivyosema mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nawaza gogo langu nitaliweka wapi, na kile chumba cha mbele kingefaa kuwekea vinyago vilivyokwisha. Nilikupita pale mlangoni na mtoto wako amekushika kanga. Niliwaona. Haikunizuia.

Kilichonizuia ni patasi. Baba alianza nayo ikiwa ndefu kama shibiri. Imenolewa mpaka sasa kilichobaki ni kipande kama kidole gumba, na huko mbele ndiko kwenye chuma kigumu, nyuma yake ni laini, hakikati kitu. Ningeivuta kwenye lile jiwe, ingebidi niisage kwa tupa ili kutoa meno, na nikimaliza kuisaga hakuna patasi tena. Macho yote ya vinyago vyangu yametoka kwenye ule mdomo. Niliuangalia, mkono ukagoma.

Kwa hiyo wasikudanganye kwamba kaka alinishika mkono. Wala usifikiri nilikuonea huruma. Wewe na mtoto nilikuwa tayari kuwatoa. Patasi sikuweza kuiharibu. Ndivyo nilivyo, na tangu Jumamosi nimejua, na si kitu kizuri kukijua.

Sie tumepewa mwisho wa mwezi kuondoka hapa kibandani. Usinipe pole.

Albano


Chanika,
20 Julai 2024

Albano,

Nimesoma barua yako kisha nimeichoma jikoni, Blessing asije akaiona. Sasa anasoma kila karatasi anayoikuta.

Ulikuwa na haki ya kunidanganya. Ungeandika kwamba ulimkumbuka kaka yako, au kwamba ulimtazama mtoto, ningekuita mnafiki na ningelala. Uongo wako nimeuzoea, tangu Juni nimekuwa nikiupokea kwa mkono wa Hamida. Hili la kwamba tulipimwa uzito na kipande cha chuma tukaonekana wepesi, sijui niliweke wapi. Nimefungua vyombo nimevirudisha kabatini na kila sufuria ninayoishika inanikumbusha.

Sikukaribishi. Kona ya uwanja siwezi kukupa. Dada Sesilia alinipigia kuniomba, nikamkatalia, na nitakataa tena.

Lakini kuna jambo inabidi ulijue. Jioni ya Jumamosi ile Blessing aliniuliza kwa nini baba mdogo alikataa kunoa. Nilikuwa bado sijapata jibu lako, nikamwambia sijui. Ameniuliza tena juzi, na safari hii nilikuwa ninajua. Nimemwambia baba mdogo alitutazama, akatuonea huruma, akashindwa.

Ameamini. Amekwenda shule amewaambia wenzake. Amefiwa na baba, na kwa upande wenu aliyebaki wa kumwita baba ni wewe, kwa hiyo nimekupaka rangi usiyostahili. Mimi ni mwalimu, Albano, sijawahi kumfundisha mtoto kitu ninachojua kuwa si kweli.

Ukikutana naye popote, usimsahihishe.

Demetria